Nusu ya Kodi kwa Mtani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Nilikuwa kijana wa Puge niliyetoka shule ya misheni, nikaingia chumba cha simu cha stesheni ya Dar es Salaam nikitembea kwa ncha za vidole, maana viatu vilinibana. Ninyi mliozoea kuongea na mtu wa mbali kana kwamba mko naye jikoni, hebu niwaeleze simu yetu. Haikuwa na sauti ya mtu. Mezani palikuwa na kitufe cha shaba. Ukikibonyeza, chuma kidogo kinagonga katika kila stesheni njia nzima hadi Kigoma, nukta na mistari, na kila herufi ina mlio wake. Mpiga simu hodari hakuhesabu nukta. Alisikiliza tu, maneno yakamjia yenyewe, kama mtu anayesinzia huku mvua inanyesha juu ya bati.

Stesheni Masta alikuwa Mhindi mzee, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniambia, "Kijana, treni mbili haziwezi kukaa njia moja. Ukikosea nukta, umeua watu. Kwa hiyo lala vizuri."

Lala vizuri! Mjini pale nilipanga chumba kimoja na wenzangu wanne, tukipokezana kitanda kwa zamu. Na mimi nilikuwa na mchumba Puge, Veronika. Ng'ombe wa mahari walikwisha kupelekwa, lakini baba yake, aliyebeba mizigo ya misafara hadi pwani katika ujana wake, aliweka sharti moja. "Binti yangu halali chumba cha watu watano," alisema. "Nionyeshe mlango unaoufunga mwenyewe, umchukue. Mavuno yakipita sijauona, ng'ombe wako watarudi kwenu." Nilimpenda Veronika hata chakula kilikuwa hakipiti.

Basi mchana, treni ya bara ikishaondoka na njia imetulia, nikaanza kuuliza kwa kitufe, stesheni moja baada ya nyingine: vyumba huko vikoje? Morogoro akajibu kwamba vipo, ila watu wa mashamba ya mkonge wamewahi. Dodoma akasema chumba anacho, lakini upepo unakikaa kuliko yeye. Kigoma akasema samaki rahisi, nyumba ghali. Tabora alikawia. Kisha chuma kikagonga taratibu: "Njoo. Vyumba rahisi. Kazi ni wenye nyumba."

"Wewe unatafuta treni au unatafuta nyumba?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Stesheni Masta alikuwa anakunywa chai, na masikio yake yalikuwa yamesoma kila neno. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaweka kikombe chini. "Andika barua ya uhamisho, nitaitia sahihi. Mtu asiye na pa kulala atakosea nukta."

Safari ile naiona hadi leo nikifumba macho. Reli inaifuata njia ya zamani ya misafara, na njia ambayo baba mkwe aliikanyaga kwa miezi, mimi niliipita nimekaa dirishani. Tulipopita Kigwa, miti ya miyombo ilikuwa imechipua majani mekundu, na abiria mmoja alikuwa na mzinga wa asali uliojaza behewa harufu. Nikawa nusu macho, nusu usingizini. Nilijiona nafungua mlango, na Veronika yuko ndani.

Kutafuta chumba Tabora kulinizindua. Nyumba ya kwanza hawakutaka mseja. Ya pili walinionyesha banda lililopakana na punda, na punda hakuonekana kunipenda. Ya tatu ilikuwa tembe pana ya paa bapa la udongo, mtaa wa Ng'ambo, na kibarazani ameketi mama wa makamo, mnene, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, wa Puge."

Ungo nusura umtoke. "Mnyamwezi! Mimi Mzaramo! Babu zenu wakifika pwani walilala barazani kwetu, wakala, wakaondoka bila kuaga. Leo nimekupata." Huyo ndiye Bi Mwamvua, ambaye babu yake alikuja na msafara akaoa Tabora asirudi. Akanionyesha chumba chenye dirisha dogo na mlango wa mninga wenye komeo. "Kwa mtani nusu ya kodi," akasema. "Nusu nyingine utalipa kwa kuvumilia."

Sikumwelewa. Utani wa makabila nilikuwa nausikia tu. Misheni walitufundisha kuwa ni ushenzi, nami nilikuwa mwanafunzi mwema kupita kiasi. Nikanunua kitanda, nikamwandikia baba mkwe aje.

Siku moja kabla hajafika, narudi kutoka kazini, kitanda hakuna. Kipo uani, Bi Mwamvua kalala juu yake. "Nimekitwaa," akasema bila kufumbua macho. Nikawaka moto. Badala ya kucheka, badala ya kumnyang'anya mkeka wake na mambo yakaisha, nilikwenda mbio kwa Liwali kumshtaki kwa wizi.

Mzee wa baraza aliandika jina langu. Akauliza kabila langu, nikasema. Akauliza la mshtakiwa, nikasema. Kalamu ikasimama. "Umemshtaki mtani?" Baraza zima likaanguka kicheko, askari wa mlangoni akajifuta machozi. Nikatozwa kuku, maana niliyekosa ni mimi.

Niliporudi nyumbani, Bi Mwamvua hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. "Nimekupa chumba kwa sababu ya babu zetu," akaniambia kwa sauti ndogo, "wewe ukaniita mwizi mbele ya watu. Mkweo akishaondoka, nawe uondoke."

Baba mkwe alifika kesho yake na treni ya asubuhi. Njiani nikamweleza yote, nikijua nimempoteza Veronika kwa ujinga wangu. Alipofika hakupiga hodi wala hakusalimu. Alipita moja kwa moja hadi uani, akanyanyua chungu cha Bi Mwamvua jikoni, mboga zikichemka ndani yake, akatoka nacho.

"Mwizi!" Bi Mwamvua akapiga kelele, akamkimbilia. "Mnyamwezi huyo, chungu changu!"

"Nimechoka kubeba pembe za ndovu za watu bure," mzee akasema. "Leo nabeba mboga."

Wakatazamana. Kisha mama yule akacheka hata akakaa chini mchangani, na mzee naye akacheka. Wakala mboga zile pamoja wakikumbushana majina ya kambi za njiani ambayo mimi sijapata kuyasikia. Jioni kitanda kilirudi chumbani. Baba mkwe alilifunga komeo, akalifungua, akalifunga tena. "Nyumba ya mtani mtu halali njaa," akaniambia. "Mchukue."

Mimi na Veronika tulikaa chumba kile miaka yote ya kazi yangu. Wakubwa wa reli walikuja na kuondoka: Inspekta wa Trafiki aliyepiga mluzi, mwingine aliyepima nywele zetu kwa rula. Bi Mwamvua alitutwalia sufuria, kuku, na mara moja mtoto wetu wa pili, tukamkomboa kwa ndizi. Nami nilijifunza kutwaa. Nilistaafu bendera ya Mwingereza ingali juu, na vijana wa stesheni bado wananiuliza ni mji gani una vyumba rahisi. Nawajibu waulize kwanza nani atawacheka huko.

Bi Mwamvua aliaga dunia mwezi ule ule niliostaafu. Kwa desturi mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akazuia maziko hadi apewe chochote. Nikashuka, na magoti yangu haya, nikajinyoosha kwenye udongo wa baridi. Juu, watu na mbingu vilikuwa mbali.

"Chumba kidogo," nikasema. "Kodi yake kiasi gani?"

Walicheka. Mwanawe wa kwanza akainama ukingoni. "Nusu, mtani."

"Na nusu nyingine?"

Akajifunika uso. Nikainuka, nikajikung'uta mchanga, nikampisha mwenye nyumba.