Mizigo ya Nyasi Ukingoni mwa Sabaki

Shamba letu lilikuwa ukingoni mwa mto Sabaki, karibu na pale unapoingia baharini. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, tukabaki wawili, mimi na mamangu. Alilima mahindi na kunde. Viboko walikuwepo siku zote na hatukuwa na ugomvi nao. Mchana walizama majini. Jua likitua walipanda kwenda malishoni, na kabla ya alfajiri wamesharudi. Njia yao waliikanyaga mpaka ikawa mifuo miwili, na tuta la nyasi katikati.

Wengi hudhani kiboko hula samaki. Hali samaki, na yale meno makubwa ni ya kupigania tu. Chakula chake ni nyasi fupi, naye huzing'oa kwa midomo, ile midomo mipana na migumu. Asubuhi ungekuta mahali alipolisha pamelingana kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe.

Katikati ya miaka ya themanini, nikiwa na miaka kumi na minne, masika hayakunyesha. Mama alimwagilia mahindi kwa debe. Nyasi za ukingoni zilimalizwa na ng'ombe walioletwa kutoka bara, na asubuhi moja tukakuta nusu ya shamba imeliwa, iliyobaki imekanyagwa.

Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuja, akazitazama nyayo.

"Mama, kiboko chakula chake ni nyasi. Mahindi huyala akizikosa."

"Na nyasi ziko wapi, bwanangu?"

Bwana nyama alituambia tupige madebe, na tusithubutu kumjeruhi mnyama. Akaenda zake.

Mama aliyachukua maneno yale kama yalivyo. Alishusha mbegu za mwisho zilizoning'inia juu ya moshi wa jiko, akapanda upya. Mahindi yalipofika magotini, akanikabidhi mundu.

"Shule itakungoja," aliniambia.

Kila siku tulitembea mpaka kwenye vinamasi vya upande wa Mambrui, tukakata nyasi na kurudi na mizigo kichwani, shingo zikiuma. Kabla ya magharibi tulizitandaza katika ile mifuo miwili. Asubuhi nyasi hazipo, na mahindi yamesimama. Majirani walicheka, wakamwita mama mfuga viboko. Yeye aliendelea kutandaza. Mimi nilimwamini kabisa.

Tulifanya hivyo mpaka mahindi yakaanza kutoa mbelewele. Halafu vinamasi navyo vikakauka. Siku ya mwisho tulirudi na matete makavu tu, yanayokata mikono. Mama aliyatandaza vilevile, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Kulipokucha, matete yalikuwa pale pale. Shambani hapakuwa na bua lililosimama. Mama alikaa chini akanyoosha miguu mbele, kama mwanamke aliye matangani. Jua likamkuta hapo, likampita.

Haikupita wiki, kiboko mmoja alikufa kwenye tope. Alikuwa mzee, mbavu zinahesabika. Watu walifika na visu na mabeseni, na sisi tukaenda, kwa maana njaa haina aibu. Tumbo lilipopasuliwa nilisogea karibu, nikitafuta mahindi yetu. Ndani mlikuwa na magome, tope na vipande vya mkeka mkuukuu.

"Huyu hakuonja hata bua moja," mama alisema.

Akageuka na beseni lake tupu, nami nikamfuata. Usiku ule tulilala na maji ya moto tu tumboni.

Tulihamia Mariakani kwa dada yake mama, tukawa tunachota maji na kuosha vyombo kwenye hoteli ya madereva wa malori. Shule sikurudi tena. Mvua ziliponyesha, watu wa Sabaki walituma salamu kwamba udongo umelainika, tuje tupande. Nilifunga nguo zangu siku ile ile.

"Mama, twende," nilimwambia. "Nyasi zimeota. Hawatatusumbua."

Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Hakuinua macho.

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi nimechoka kumlisha kila mtu."

Nilikaa kitandani na furushi langu mapajani mpaka jioni. Kisha nikalifungua, nikazirudisha nguo moja moja.