Sikio la Gari la Milunka

Milunka alikuwa mwanamke mbishi, na ubishi wake wote alikuwa ameuelekeza kwenye mlima mmoja. Kigari alichoachiwa na marehemu mumewe, chenye injini nyuma, kilikuwa kikichemka kila mara kwenye kona ya chemchemi, katikati ya njia ya kuupanda mlima huo kwenda kanisani. Na mjukuu wake Jagoda, tangu akiwa na meno ya utoto, aliapa kwamba siku ya harusi atapanda kwa kigari hicho au hapandi.

Sasa harusi ilikuwa Jumapili inayokuja.

"Shemeji, usijiaibishe," alisema Vukosav, mdogo wa marehemu, huku akijimiminia rakia, pombe kali ya matunda, bila kukaribishwa. "Trekta langu nimeshalipamba maua. Mkichemka, nawavuta."

"Hata ng'ombe wako wapambe ukitaka. Hatuvutwi na mtu."

Alichukua dumu la alumini alilokuwa akipelekea maziwa sokoni, akalipasua kwa mkasi wa bati. Nusu moja akaipiga ribiti ubavuni mwa gari, nyuma ya kioo cha mwisho, mdomo ukitazama mbele ili umeze upepo na kuupeleka kwenye injini. Kijiji kikaliita sikio. Lakini lilikuwa sikio kiziwi; kigari kikachemka vilevile. Milunka alibandika nyuzi za sufu kwenye mdomo wa sikio aone kama upepo unaingia, akaendesha, na Vukosav akatoa kichwa dirishani kuzitazama.

"Zimelala, shemeji, kama mimi baada ya kula."

Hapo akaelewa kwamba upepo wenyewe ulikuwa ukipita mbali kidogo na bati la gari. Akalitokeza sikio nje vidole vitatu, akaziba nyufa kwa mpira wa buti la marehemu. Safari hii nyuzi zote zikanyooka kuingia ndani, na kigari kikaipita chemchemi bila hata kukohoa.

Jumapili kulikuwa na joto la Julai. Mbele aliketi mavyaa wa Milunka, ajuza Darinka, na nyuma akaketi Jagoda, gauni likiwa limekijaza kiti kizima. Madirisha yalifungwa kama inavyostahili, maana kijiji kizima kiliamini kwamba upepo unaopita kati ya madirisha mawili huleta maradhi. Ni nani mwenye akili angeruhusu upepo upite ndani ya gari lenye bi harusi? Matarumbeta yakafuata, na nyuma yake trekta la Vukosav.

Kwenye kona ya chemchemi, mvuke ukafuka.

Milunka alishuka. Alimwona Vukosav akija na mnyororo, meno yote nje, na akatamani ardhi ipasuke. Akaingiza mkono ndani ya sikio. Akagusa kitu laini, akavuta, kikaja, akavuta tena, bado kinakuja. Kikulacho ki nguoni mwako: lilikuwa shali jeusi la sufu.

"Mama! Shali lako linatafuta nini humu?"

"Nimeziba asubuhi," alijibu Darinka bila wasiwasi. "Hilo tundu linampuliza mtoto kwenye figo. Unataka asizae?"

Jagoda alicheka mpaka shela likamdondoka. Wakati injini ikipoa, matarumbeta yalipigwa, na wageni wakashikana mikono wakacheza duara palepale barabarani. Vukosav akauvaa mnyororo shingoni kama shada, naye akacheza. Hatimaye Milunka akatia maji ya chemchemi, na msafara ukaondoka.

Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukatulia. Darinka alilikunja shali mapajani kama mtoto anayeficha vipande vya sahani aliyoivunja.

"Kwa hiyo ni huo upepo unaotupandisha?" aliuliza.

"Ndio, mama."

Ajuza akakishika kishikio cha dirisha, akakizungusha mpaka kioo kikazama chote. "Na wewe fungua lako."

Milunka alikaribia kuingia mtaroni. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuona madirisha mawili yakifunguliwa pamoja mbele ya mwanamke huyu, hata siku walipounguza pilipili hoho jikoni. Akafungua. Upepo ukapenya kati yao, shela la Jagoda likafurika gari zima, na Milunka akawa anacheka huku machozi yakimtoka. Kanisa lilikuwa limeshaonekana.

Darinka alikishikilia kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Kanyaga mafuta, mwanangu," akasema, "kabla sijapata mafua."