Mwenye Funguo za Masijala

Mtu akiingia masijala ya siri, hata kama ni mfagizi tu, mama anayetunza funguo zake hulaza mafaili kifudifudi kabla hajaitikia salamu. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea karibu na kitanda cha mgonjwa. Akifunga kabati hulivuta tena, kisha hupangusa alama za vidole vyake kwa ukingo wa mtandio. Mzee wa upekuzi, anayeamua nani aendelee kuaminiwa na siri za serikali, alikuwa amewachoka watumishi wa siku hizi, wanaokopa hadi kwenye simu kisha wanamkania kwa macho makavu. Aliyezidiwa na madeni hununulika kwa urahisi, ndiyo maana swali hilo hulitanguliza. Ripoti ya madeni ya mama huyu, aliyeketi mbele yake, ilikuwa safi.

"Hudaiwi popote, mwanangu? Hata karanga za mkopo?"

"Nadaiwa, mzee wangu. Mama alipolazwa, jirani yangu fundi cherehani aliuza mashine yake akanipa hela. Sijafika hata nusu."

"Mbona deni hilo halimo humu kwenye ripoti?"

"Tulikubaliana kwa mdomo."

"Deni kama hilo linaweza kukutoa kazini. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Siku moja angekuja mtu anayejua, aseme atanyamaza nikimpa faili."

Mikono ya mama ilitulia mapajani. Mzee alidhani watu wa namna hiyo walikwisha kuzikwa pamoja na wazazi wake. Akaliandika deni, chini yake akaandika abaki na funguo, kisha akainuka kumfungulia mlango, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata waziri.