Ukuta wa Shemeji Kinyozi

Mume wa dada yangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Kwangu Ndani, kwa sababu ukimweleza shida yoyote atajibu, "Kwangu ndani hakuna shida." Mkono wake ni mwepesi, wembe wake haujawahi kumtoa mtu damu. Sifa zake zimeishia hapo.

Bahari inapanda mwaka hadi mwaka. Siku hizi maji yanaingia uani bila hodi, yakiondoka yanatuachia uchafu wa watu tusiowajua. Basi tukakutana shuleni, tukakubaliana: nyumba za mstari wa mbele, ya shemeji ikiwemo, zivunjwe, wenyewe wapewe viwanja kule juu nyuma ya shule, na pale mbele lijengwe tuta moja la kuwakinga wanaobaki. Tuta lenye pengo si tuta. Watu wakafungasha. Shemeji akaagiza saruji.

"Nihamie kilimani nikanyoe mbuzi?" akaniuliza.

"Wateja wako wako huko tayari, shemeji. Wewe baki unyoe kaa."

"Mdomo wako huo una makali kuliko wembe wangu."

Akazungushia nyumba ukuta kama wa jela, mlango wa chuma, mianya yote kaiziba kwa mpira wa tairi. Dada, aliyekwisha kukipenda kile kiwanja cha juu, akawa anaishi mle kama samaki kwenye pipa. Alimwuliza mumewe jambo moja tu:

"Baba watoto, na shimo la choo?"

"Bahari ina macho ya kuona choo?"

Inayo. Maji makubwa yalipokuja, ukuta haukupitisha hata tone. Yakapita chini ya mchanga, yakajaa shimoni, yakasukuma juu kila kilichokuwemo: uani, sebuleni anakonyolea, mpaka kwenye taulo za wateja. Na ukuta usioingiza maji hauyatoi pia. Nilimkuta dada kasimama juu ya kiti cha kunyolea, mtoto mgongoni. Harufu siielezi, nanyi mnakula.

Mngedhani sasa mtu ataona haya. Thubutu! Shemeji akashika mtaimbo akatoboa ukuta, tena si upande wa bahari. Katoboa upande wa nyuma, kwa mjane mshona nguo, yule yule ambaye tuta lilikuwa limkinge. Mavi ya nyumba nzima yakamwagikia sare za watoto wa shule.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Kwangu ndani panakauka," akasema, anajifuta jasho.

Nikatema mate.

Dada akashuka kitini. Akavuka lile dimbwi, akaenda kwa mshonaji kumwomba radhi, tukafua zile sare sisi watatu mpaka vidole vikakunjamana. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, shika kiti upande huo." Tukakipandisha kiti cha kunyolea mpaka kiwanjani. Kinyozi bila kiti ni mtu mwenye mkasi tu.

Kesho yake akatufuata, anahema. "Mke wangu, kiti changu kiko wapi?"

"Kipo kwako. Na kwako ni hapa. Kule waachie wenye tuta."

Akakaa. Ukuta ukavunjwa, kifusi chake kikaingia kwenye msingi wa tuta, pengo likazibwa. Sasa ananyoa chini ya bati pale juu na kuwaambia wateja kwamba bila saruji yake mtaa ungezama.

Wanangu nawapeleka kwa kinyozi mwingine.