Sala ya Dobi

"Wifi, unamwomba Mungu kama mtu anayeazima chumvi," dada wa mgonjwa alimfokea dobi nje ya chumba cha upasuaji. "Mng'ang'anie, mume wako atoke mzima."

"Nimeshamwambia. Dobi hamchagulii mwenye nguo siku ya kuvaa."

Mikono yake, iliyolainishwa na sabuni hata nzi akitua huteleza, haikutulia: kila Salamu Maria kidole kimoja, maana rozari alimvisha mumewe. Akifika kidole cha kumi, huinyoosha sketi mapajani kama anayepiga pasi, kisha huanza upya.

Dada wa mgonjwa alikuwa na jibu kali mdomoni mlango ulipofunguka, daktari akatoka. Dobi akainuka, akamsogezea daktari kiti.

"Kaa kwanza, baba. Umesimama tangu asubuhi."