Mwaka Niliofunzwa Kunyamaza

Mwezi uliopita chuo kilinituma Shinyalu kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Shule yenyewe ndiyo niliyosomea utotoni, lakini hilo sikumwambia mtu. Nilikaa nyuma ya darasa na faili yangu, nikaandika mazuri ya yule binti: sauti yake inasikika, ubao wake ni safi, anawaita watoto kwa majina. Kisha kengele ikalia. Bado ni ile rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, inayogongwa kwa chuma. Viganja vyangu vikalowa jasho. Nina miaka arobaini na kitu, na kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari za mbwa aliyezoeshwa kupewa chakula kengele ikilia, hata kengele peke yake ikawa inamtoa mate. Huwa wanacheka. Siku hiyo mbwa alikuwa mimi.

Nilikulia kwa nyanya yangu, mama yake mama, karibu na msitu. Tulimwita kukhu, kama wanavyoitwa nyanya wote wa kwetu. Mama alifanya kazi mjini Kakamega, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Alfajiri mbega walinguruma msituni kabla jogoo hajamaliza kuwika, na ukungu ulikalia mashamba ya majani chai hadi saa mbili. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kufagia jikoni na kuchambua mboga za mrenda. Hizo sikumbuki nani alinifundisha. Nilimwona kukhu akizifanya, nami nikawa nazifanya.

Darasa la tatu lilikuwa la mwalimu mmoja mrefu, mwembamba, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi kila siku. Mfukoni alikuwa na peremende, na kwapani amebana fimbo ya mpera. Ukisoma sentensi bila kosa, peremende. Ukikosea, fimbo moja kwa kila kosa. Ukimwona mkatili sitakubishia, ila na yeye alifunzwa hivyo hivyo, na peremende alizinunua mwenyewe.

Shida yangu ilikuwa L na R. Kwetu herufi hizo hubadilishana viti na hakuna anayejali. Mlango nilisoma mrango, kulala ikawa kurara. Sentensi fupi iliweza kunipa fimbo nne. Lakini aliyesimama bila kusema neno alichapwa moja tu, ya ukaidi, akaambiwa akae. Jambo hilo nililielewa haraka kuliko masomo yote. Kufikia muhula wa pili nilikuwa nasimama, nanyosha mkono, napokea fimbo yangu moja, nakaa. Mwalimu aliamini ananifundisha kusoma. Alichonifundisha ni kunyamaza, na somo hilo nililifaulu vizuri.

Habari zikafika nyumbani kwamba sijui kusoma. Mama mdogo, aliyeolewa Lugari, alikuwa amejifungua mapacha na alihitaji msichana wa kumsaidia. Akaja kunichukua.

"Mama, huyu shule haimwingii," alimwambia kukhu. "Nipe niende naye, angalau ajue kulea."

Kukhu aliendelea kupukuchua mahindi. "Subiri muhula uishe. Mwalimu akisema arudie darasa, utamchukua."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia yote.

Kesho yake nilipotoka shule aliniita jikoni. Kulikuwa na sufuria ya mushenye, maharagwe na viazi vitamu vilivyopondwa pamoja, bado inatoa mvuke. Mkononi alishika kitabu chake cha nyimbo za kanisa, cha Kiluhya, jalada limeshonwa kwa uzi. Kukhu hakujua kusoma hata herufi moja. Nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake, na kurasa alizitambua kwa madoa na mikunjo.

"Nimezeeka, maneno yananitoka," akasema. "Shika hapa unifuatishie. Nikikosea uniambie."

Akaimba polepole, mimi nikisukuma kidole chini ya maneno. Siku za kwanza kidole kilitangulia, au kiliachwa nyuma. Kisha nikaona kwamba kiitikio kikirudi mdomoni, michoro ileile inarudi kwenye karatasi. Nikaona neno refu kulitamka ni refu pia kuliandika. Jioni moja akaruka mstari mzima.

"Kukhu, umeacha."

"Nimeacha nini?"

Nikamsomea. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kumbe! Asante, mwalimu wangu."

Baada ya siku hiyo alizidi kusahau. Alisahau maneno magumu hasa.

Leo nina majina ya kitaalamu ya mambo yale. Kuna wanaosema mtu huundwa kwa tuzo na adhabu. Wengine wanasema hujifunza kwa kutazama na kuiga, na wengine kwamba mtoto hujijengea maarifa mwenyewe, akisaidiwa kidogo anapokwama, kisha akiachiwa. Nadharia hizo zote nazifundisha bila kuegemea upande.

Wiki moja kabla ya kufunga shule, mwalimu alikuja nyumbani kusema nirudie darasa. Tulikuwa tunaimba, hatukumsikia. Niliona viatu vyake mlangoni, sauti ikanikauka katikati ya neno.

"Endelea," akasema.

Sikuweza.

"Anakuogopa, mwalimu," kukhu akamwambia bila hasira. "Mimi haniogopangi."

 Mwalimu akatoa kitabu cha darasa la tatu kwenye mkoba, akanipa, akachukua kigoda na kuketi nje, akatugeuzia mgongo, akitazama majani chai.

"Soma. Mimi siko."

Nilisoma ukurasa mzima. Nilisema mrango mara mbili. Mara ya pili bega lake lilishtuka, kama mtu anayetaka kugeuka, lakini hakugeuka.

Nilipomaliza akauliza, "Mama, nani amemfundisha?"

"Hakuna. Yeye ndiye ananifundisha mimi."

Nilipanda darasa la nne. Mapacha wa Lugari walilelewa na binti wa jirani yetu, naye hakurudi shule tena. Mwalimu hakuiacha fimbo. Ni mimi peke yangu ambaye hakunichapa tena, na wenzangu walininunia kwa hilo muda mrefu.

Kukhu alifariki nikiwa chuoni. Matangani, mama mmoja wa kanisani kwake alisema kwamba katika miaka yote waliyoimba pamoja hakuwahi kumsikia akikosa neno hata moja. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliendelea kugawa chai.

Siku ile ya ukaguzi nilipita nyumbani kwa kukhu kabla ya kurudi Shirere ninakoishi. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni zamani, na mwalimu yule alishakufa. Kitabu cha nyimbo kililiwa na mchwa. Watoto wa binamu yangu anayeishi pale sasa wanazungumza Kiswahili na Kiingereza kizuri, L na R kila moja mahali pake, ila nyimbo zile hawazijui. Jiko la kukhu lilibomolewa. Mahali lilipokuwa nilimkuta mke wa binamu akichuma sukuma. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu.

"Hapa mboga inameanga tu, hata bila mbolea," akasema. "Sijui kwa nini."

"Ni majivu ya jiko la zamani," nikamwambia, nikampokea kikapu tukachuma pamoja.