Mlima Ulioniamkia

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu vijana wakipita njia ya vilima vya kwetu Geita, na pua yangu ikakumbuka harufu ya majani mabichi ya msitu ule.

Nilikuwa mtoto wa mjini, nimeletwa likizo kwa bibi. Tukiwa njiani kwenda ziwani, bibi alisimama mbele ya mawe marefu, akasalimia kwa Kisukuma: "Mwadila!"

"Mwadila!" mlima ukaitikia.

"Nawe msalimie. Ni mkubwa huyu."

Kisukuma kilinipiga chenga. "Shikamoo!" nikapaza sauti.

"Shikamoo!"

Mkubwa kiasi kile aniamkie mimi! Niliamini nimemvunjia heshima.

"Itikia basi," bibi alisema. "Usimwache na salamu yake."

"Marahaba," nikasema. Marahaba, mlima ukasema taratibu, na kule chini ziwa likang'aa lote.

Siku hizi najua mwangwi ni nini. Kwenye simu, wale vijana walipaza shikamoo, mlima ukawaamkia, wakacheka, wakapita.

Nikabaki nimesimama jikoni.

"Marahaba," nikaitikia.